Geolocator ya Flutter: nyota nne, na ile moja nawaeleza ilipodondokea

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka asepe: nyota nne kati ya tano. Kama unatengeneza apu ya Flutter (ile zana ya Google ya kuandika apu za mifumo mingi kwa mpigo) inayotaka kujua mteja yuko wapi, iwe ya delivari ya chipsi, ya bodaboda, ya kutafuta famasi iliyo wazi usiku, chukua pakeji ya geolocator usihangaike. Ni ya bure, wanaitoa jamaa wa Baseflow kule Uholanzi, ipo pub.dev, ghala la pakeji za Flutter, inakubali Android, iOS, web, macOS na Windows kwa msimbo uleule mmoja. Ila kama unaichukua halafu unakopi ule mfano wa kwenye README, ukurasa wake wa maelezo, na kuupesti ulivyo, basi kaa hapa kidogo tuongee, maana hapo ndo nyota ya tano ilipodondokea.

Pakeji ina kazi mbili kubwa, kuomba ruhusa ya lokesheni na kuleta lokesheni yenyewe. Ya kuleta lokesheni sitaisemea sana kwa sababu inaifanya vizuri, kwenye Android yenye huduma za Google inatumia ile njia ya Google yenye kuchanganya GPS na waifai na minara, ukikutana na simu isiyo na Google kama hizi Huawei za karibuni inarudi yenyewe kwenye LocationManager, njia ya kawaida ya Android, hamna drama. Kazi ngumu ni ya kuomba ruhusa, na ugumu wenyewe hauko kwenye kuomba, kuomba ni mstari mmoja tu, requestPermission, basi. Ugumu ni kwamba upande wa pili kuna binadamu ameshika Tecno yake, yuko juani, bando linakata, na anaweza kukujibu vyovyote anavyotaka.

Ukiita hiyo requestPermission unarudishiwa jibu moja kati ya matano: denied (hakuna ruhusa), deniedForever (amekataa moja kwa moja), whileInUse (ameruhusu apu ikiwa inatumika), always (ameruhusu muda wote) na unableToDetermine (haijulikani). Hilo la mwisho ni la web tu, brauza ikishindwa kusema, lisahau. Manne yaliyobaki ndo maisha yako. Na hapa lazima niwape hongera zao, kwa sababu nyuma ya hayo majibu manne kuna vurugu ambayo usingependa kuishughulikia mwenyewe. Zamani kwenye Android ruhusa zote ulikuwa unakubali siku unaweka apu, ilivyokuja Android 6 mwaka 2015 ndo ikabidi uombe apu ikiwa inatumika. Android 10 mwaka 2019 wakatenganisha ruhusa ya apu ikiwa wazi na ya apu ikiwa nyuma. Android 11 wakaleta ya mara moja tu. Android 12 wakampa mteja uchaguzi wa lokesheni kamili au ya kukadiria. Apple nao hawakukaa kimya, iOS 13 wakaleta ruhusu mara moja, iOS 14 wakaweka swichi ya kuzima usahihi palepale kwenye popapu. Kila mwaka jamaa wanasogeza goli, na geolocator imekuwa ikikimbiza goli hilo kwa niaba yetu, we unaona majina manne tu.

Sasa tuje kwenye mfano. Mtu yeyote aliyewahi kugusa hii pakeji anaujua, ile fanksheni ya _determinePosition. Inaangalia kwanza kama GPS ya simu imewashwa, isipowashwa inarudisha Future.error, yaani inarusha erori. Inaangalia ruhusa, ikikuta denied inaomba, ikikataliwa Future.error. Ikikuta deniedForever, Future.error. Yote yakipita ndo inaleta lokesheni. Ukiusoma kama somo la kujua fanksheni zipo ngapi na zinafuatana vipi uko poa kabisa, na nadhani ndo lengo lao. Shida ni kwamba unakuta umeingia kwenye apu ya watu wanaolipwa, apu ina logo nzuri, ina malipo ya simu, ina kila kitu, halafu mteja akibonyeza kukataa anatokewa na kamstari chini ya skrini kameandikwa kwa Kiingereza kwamba location permissions are permanently denied, we cannot request permissions. Mama anayeagiza gesi Mbagala atakifanyia nini hicho? Na huyo ana bahati, maana mwingine hakuna aliyeishika hiyo erori kokote, anaachwa na kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, mpaka anafuta apu.

Yaani msimamo wangu ni huu: mtu kusema hapana ni jibu kama majibu mengine, sio erori. Erori ni seva kufa. Mteja akikataa lokesheni apu yako imefanya kazi vizuri kabisa, imeuliza ikajibiwa, sasa kinachofuata ni wewe kuwa na mpango wa jibu hilo. Kwa hiyo kitu cha kwanza ukishaweka geolocator, hiyo fanksheni iandike upya, badala ya kurusha Future.error irudishe aina yako mwenyewe ya matokeo: imepatikana, imepatikana ya kukadiria, GPS imezimwa, amekataa ila tunaweza kuuliza tena, amekataa moja kwa moja, muda umeisha. Halafu kila moja iwe na skrini yake au angalau sentensi yake ya Kiswahili. Dart, lugha ya Flutter, ya sasa hivi ukitumia sealed class (aina yenye orodha iliyofungwa) na switch yenyewe itakugomea kama umesahau hata moja, sasa mtu anataka nini tena.

Kabla sijaingia kwenye vichochoro vya kila mfumo, niseme kuhusu watu kukataa, kwa sababu madivelopa wengi tunalichukulia kama ukorofi wa mteja. Hapana bwana. Mtu kafungua apu mara ya kwanza, hajaona hata bei ya bidhaa moja, popapu hiyo, apu inataka kujua uko wapi. Na huyu mtu amesikia, au yamemkuta ndugu yake, mambo ya hizi apu za mikopo ya mtandaoni zinazochukua namba zote za kwenye simu halafu ukichelewa kulipa zinawapigia mpaka wakwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya apu na majukwaa ya mikopo yasiyo na leseni, watu walikuwa wanafowadiana kwenye magrupu ya familia. Baada ya hapo unategemea abonyeze ruhusu kwa furaha? Anakataa kwa akili zake timamu. Ndo maana popapu isije mwanzo, ije pale mteja mwenyewe amebonyeza kitufe cha "nileteeni hapa nilipo", hapo swali linajieleza lenyewe.

Na kumbuka kwenye Android yale maneno ya popapu sio yako, huwezi kuongeza hata nukta, ni mfumo unaongea. Kwenye iPhone una sentensi moja ya kwako kwenye Info.plist, faili la mipangilio ya apu, ile NSLocationWhenInUseUsageDescription, na usipoiweka ombi halitokei kabisa, geolocator inakurushia PermissionDefinitionsNotFoundException, ambayo kwa kweli ni msaada mkubwa kuliko kukaa kimya. Hiyo sentensi iandike ya maana. "Apu hii inahitaji lokesheni yako" ni sawa na kutoandika. "Tunatumia lokesheni kumwonyesha dereva geti la kukuletea mzigo" mtu anaelewa. Ukitaka skrini yako ya maelezo kabla ya popapu weka, mi naweka, lakini kwa upande wa Apple iwe na kitufe kimoja cha kuendelea, wenyewe wanasema wazi kwenye miongozo yao ya dizaini kwamba kitufe chako kisiandikwe kama kile cha mfumo cha kuruhusu, na usiweke cha kumtorosha mtu asifike kwenye popapu.

Haya sasa, denied. Hili jina moja linabeba watu wengi mno na ndo sehemu ninayoikatia maksi, ingawa kwa haki mfumo wenyewe ndo chanzo. Ukiita checkPermission, ile ya kuangalia tu bila kuuliza, ukapata denied, anaweza kuwa mtu ambaye hujawahi kumuuliza. Anaweza kuwa ulimuuliza akakataa mara moja. Anaweza kuwa jana aliruhusu ya mara moja na imeisha muda. Anaweza kuwa mteja wako wa zamani hajafungua apu miezi kadhaa, Android ikamfutia ruhusa yenyewe, maana inafanya hivyo kwa apu zisizotumika. Na kwenye Android anaweza kuwa amekataa moja kwa moja kabisa, kwa sababu checkPermission ya Android haikwambii deniedForever, hiyo utaijua ukiomba tu. Kwenye iPhone ni kinyume, mtu ambaye hajaulizwa anakuja kama denied, aliyekataa anakuja kama deniedForever hapohapo hata kwenye kuangalia tu, kwa sababu Apple popapu ni moja, akisema hapana imeisha hiyo, huitoi tena. Jina lilelile, mifumo miwili, maana mbili. Usipojua hili utaandika if moja inayofanya kazi vizuri kwenye iPhone ya bosi na kwenye Infinix ya mteja inaleta vituko.

Upande wa Android sheria tangu toleo la 11 ni kwamba akikataa ruhusa hiyohiyo mara mbili, mfumo unachukulia hataki kuulizwa tena, ukiomba ya tatu popapu haitokei, unarudishiwa jibu la hapana kimyakimya. Kwa hiyo una risasi mbili tu, na ukizipiga zote mbili kwenye skrini ya kufungua apu ndo imetoka hiyo, siku atakapotaka mwenyewe kuagiza huna cha kumuuliza.

Halafu kuna kichochoro kingine watu wengi hawakijui. Mteja popapu imetokea, hajabonyeza kukubali wala kukataa, kagusa pembeni au kabonyeza kurudi nyuma. Kwenye Android 11 kwenda juu hiyo haihesabiwi kama kukataa. Lakini wewe divelopa unapata jibu la kwamba huna ruhusa, na ukiuliza ile shouldShowRequestPermissionRationale, fanksheni ya Android ya kukwambia kama umweleze mteja sababu ya ruhusa, inakwambia false, na false hiyohiyo ndo inayotoka kwa mtu aliyekataa milele. Umeona mtego? Msimbo wowote unaosema "hana ruhusa na rationale ni false basi huyu amekataa milele" utamhukumu mtu ambaye kidole kilimteleza tu, utampeleka kwenye setingi wakati popapu ungeweza kuitoa tena bila tatizo. Dawa yangu ni kwamba deniedForever ikitokea kwenye Android siichukulii kama kifungo cha maisha, siku nyingine akibonyeza tena kitufe cha lokesheni naita requestPermission kwanza, ikijibu papohapo bila popapu ndo namwonyesha njia ya setingi. Kuomba wakati imefungwa hakumuudhi mtu, hakuna anachokiona.

Kuna wanaotunza alama kwenye SharedPreferences, hifadhi ndogo ya ndani ya apu, kwamba tumeshauliza. Sawa, inasaidia, ila jua kwamba Android ina bakapu ya kujiendesha, mtu akifuta apu akairudisha au akahamia simu mpya, ile alama inaweza kurudi naye wakati ruhusa imeanza upya. Kwa hiyo iwe dokezo tu, isiwe hakimu.

GPS kuzimwa na ruhusa kukataliwa ni vitu viwili, na hapa geolocator wamefanya vizuri sana kuvitenganisha, isLocationServiceEnabled ni kivyake na checkPermission ni kivyake, openLocationSettings inakupeleka kwenye swichi ya simu nzima kwa Android, openAppSettings inakupeleka kwenye ukurasa wa apu yako. Wateja hawatenganishi. Mtu wa huduma kwa wateja anaongea na mteja hivi:

"Dada, lokesheni umewasha?"
"Nimewasha kaka, mbona inawaka kabisa hapa juu."
"Apu umeiruhusu?"
"Kwani si ndo nimewasha?"

Na dada wa watu hana kosa, kwake lokesheni ni lokesheni. Skrini yako ndo inapaswa kumwambia ni swichi ipi. Usimwandikie "washa lokesheni" kwa hali zote mbili, andika "lokesheni ya simu imezimwa" kwa moja na "hujairuhusu apu yetu" kwa nyingine, na kila moja kitufe chake. Na kwenye Android yenye Google, ukienda moja kwa moja kuomba lokesheni wakati GPS imezimwa, kuna kale kaboksi ka Google kanatokea ka kuwasha hapohapo bila kutoka kwenye apu, mteja anabonyeza sawa maisha yanaendelea. Ule mfano wa README unakukatia njia kabla hujafika huko kwa sababu unarusha erori mwanzo kabisa. Hiyo nayo ni sababu ya kuuandika upya.

Safari ya setingi. Umemfungulia openAppSettings, kaenda, karuhusu, karudi. Apu yako inajua? Haijui, hakuna anayekupigia simu kwamba mteja amebadilisha. Inabidi uweke WidgetsBindingObserver, kile cha Flutter kinachosikiliza apu ikitoka na kurudi, apu ikirudi mbele, hali ya resumed, uite checkPermission upya. Ila sikiliza hapa vizuri: kwenye resumed unaangalia tu, USIOMBE. Popapu ya ruhusa yenyewe inaiondoa apu yako mbele na kuirudisha, kwa hiyo ukiweka requestPermission ndani ya resumed, mtu akikataa, apu inarudi resumed, inaomba tena, anakataa tena, resumed, na kwenye Android hapo umeshamaliza risasi zako mbili ndani ya sekunde chache na mteja ameshakuona mwehu. Mbaya zaidi ukiwa na skrini mbili zinazoomba kwa wakati mmoja, geolocator itakurushia PermissionRequestInProgressException, ambayo dawa yake ni kuwa na sehemu moja tu ya apu nzima inayoruhusiwa kuomba, wengine wote waulize huko.

Na akirudi setingi akiwa ameondoa ruhusa badala ya kuweka, Android inaiua apu yako, inaanza upya. Kama alikuwa na vitu kwenye kapu na hujavihifadhi, vimeenda.

Sasa hili la lokesheni ya kukadiria. Kwenye Android 12 mteja anaweza kukuruhusu whileInUse lakini ya kukadiria, na geolocator itakujibu whileInUse kama kawaida, we unashangilia. Kumbe unachopata ni eneo la takriban kilomita za mraba 3. Hiyo ni kama duara lenye nusu kipenyo cha karibu kilomita moja, sasa mpe dereva hiyo pini halafu mwambie mteja yuko humo ndani, Sinza nzima ataizunguka. Ndo maana ukishapata ruhusa ita pia getLocationAccuracy, inakupa reduced au precise. Ni fanksheni nzuri na nashangaa watu hawaitumii. Ikiwa reduced fikiria kwanza kama kweli unahitaji zaidi. Kuonyesha famasi zilizo jirani, reduced inatosha kabisa, mwache mtu na siri yake. Kumletea mzigo mlangoni haitoshi, hapo mwambie, na kwenye iPhone kuna requestTemporaryFullAccuracy ya kuomba usahihi kwa muda kwa sababu maalumu unayoiandika kwenye Info.plist. Jambo lingine, kwenye manifesti ya Android, faili linaloorodhesha ruhusa za apu, ukitaka FINE (lokesheni kamili) weka na COARSE (ya kukadiria), ziombwe pamoja, kuna matoleo ya Android 12 ambayo ukiomba FINE peke yake ombi linapuuzwa.

Kitu kidogo ila kinaumiza: getCurrentPosition bila timeLimit inaweza kusubiri mpaka kesho. Mteja yuko ndani ya ghorofa Kariakoo, dari tatu juu yake, ruhusa ametoa, GPS imewaka, na bado kaduara kanazunguka. Weka timeLimit kwenye LocationSettings, ikiisha shika TimeoutException, muulize getLastKnownPosition kama ina chochote, isipokuwa nacho mpeleke kwenye ramani aweke pini kwa mkono.

Na hapo ndo nafika kwenye mpango wa mtu aliyekataa, ambao hakuna pakeji itakufanyia. Apple wenyewe kwenye miongozo ya App Store, kifungu 5.1.1, wanasema mtu akikataa lokesheni mpe nafasi ya kuandika anwani kwa mkono. Sasa anwani ya kwetu unaijua, mtu akiagiza kwa simu anasema shuka kituo cha shule, ingia kushoto, ulizia duka la Mpemba, geti jeusi. Basi apu iwe na boksi la hivyo hivyo! Chagua wilaya, chagua kata, andika maelekezo, weka namba ya simu ambayo dereva atapiga. Dereva atapiga tu hata ungempa pini ya sentimita, tunajuana. Ukishakuwa na hilo boksi, popapu inageuka kuwa njia ya mkato badala ya geti lenye kufuli, na cha ajabu ukimpa mtu njia ya pili anakuwa hana haraka ya kukataa ile ya kwanza.

Upande wa madereva ni habari nyingine kidogo, maana wao unawafuatilia wakiwa barabarani skrini imezimwa. Wengi wanakimbilia always na ACCESS_BACKGROUND_LOCATION, ruhusa ya Android ya lokesheni apu ikiwa nyuma. Polepole. Kwenye Android 11 kwenda juu hiyo huiombi pamoja na ya kawaida, ni ombi la pili peke yake na linampeleka mtu kwenye ukurasa wa setingi akachague mwenyewe, halafu Google Play wanakutaka ujaze fomu na kueleza ni kwa nini, na uweke maelezo ya wazi ndani ya apu. Kwa dereva aliyebonyeza mwenyewe "anza safari", whileInUse na foreground service inatosha, yaani huduma inayoendelea skrini ikizimwa ikiwa na ile notifikesheni inayokaa juu muda wote. Geolocator inayo tayari, ForegroundNotificationConfig ndani ya AndroidSettings, unaipa kichwa na maneno, imekwisha. Kwa wenye kulenga Android 14 msisahau FOREGROUND_SERVICE_LOCATION kwenye manifesti. Dereva anaiona notifikesheni, anajua anafuatiliwa, akimaliza kazi inaondoka, hakuna anayemchungulia akiwa kwake. Na hili sio la ustaarabu peke yake, Tanzania sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na Kenya wanayo ya 2019, lokesheni ya mtu sio kitu cha kujikusanyia tu kwa sababu kitufe kipo.

Kuna watakaouliza kuhusu permission_handler, ambayo nayo ni ya haohao Baseflow. Kama apu yako inaomba na kamera na maikrofoni na notifikesheni, itumie hiyo kwa ruhusa zote na geolocator ibaki kuleta lokesheni, itakupa granted, denied, permanentlyDenied, restricted na wenzake. Kwenye iOS inabidi uwashe PERMISSION_LOCATION kwenye Podfile, faili la kuunganisha pakeji za iOS, watu wanasahau halafu wanashangaa. Kama ni lokesheni peke yake, geolocator inajitosheleza. Ila usiombe lokesheni kwa zote mbili ndani ya apu moja, utachanganyikiwa nani kauliza nini.

Nani asiinunue, japo ni bure? Anayetaka kukusanya lokesheni apu ikiwa imefungwa kabisa, pakeji haishughulikii hiyo, tafuta nyingine. Na anayetaka kitu cha kumbebesha mzigo wote halafu asifikirie mteja akikataa. Nyota ya tano ningeitoa siku mfano wa README utakapokuwa na tawi hata moja linaloonyesha mtu aliyekataa akiendelea kutumia apu, na siku denied itakapopasuliwa mbili, ambaye hajaulizwa na aliyekataa.

La mwisho ni kwa wanaojaribu kwa kubonyeza ruhusu tu kila siku kwenye simu zao. Kwa Android, ukitumia adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, adb shell pm revoke inaondoa ruhusa, na adb shell pm clear-permission-flags ikifuatiwa na jina la apu, jina la ruhusa, user-set na user-fixed inafuta kumbukumbu ya kukataa, unaanza kama mteja mpya bila kufuta apu. Kwa simulata ya iPhone ni xcrun simctl privacy booted reset location na jina la apu. Pitisha kila njia: kataa mara moja, kataa mara mbili, gusa pembeni ya popapu, ruhusu mara moja uifunge apu uirudie kesho yake, chagua ya kukadiria, zima GPS katikati ya safari, nenda setingi urudi bila kubadilisha kitu. Hiyo ya mwisho ndo inayoangusha apu nyingi.